Nina Canon, nataka kuongeza Sony: mnaoshika mifumo miwili, mna sababu gani?

Mwanga wa Kimara
Wakuu habari za jioni. Humu nimekuwa msomaji tu kwa muda mrefu, leo nimefungua akaunti kwa sababu nimekwama kweli na usingizi sipati.

Napiga picha za harusi na sendofu hapa Dar, mwaka wa sita sasa. Natumia Canon 5D Mark III, lenzi ya 24-70 f/2.8, 85 f/1.8 na ile 50 ya plastiki. Nimepata Sony A7 III iliyotumika, imetoka Dubai, mwenye nayo anataka milioni 3 na laki 2 bila lenzi. Canon siuzi. Nataka nibaki na yote mawili.

Mnaomiliki mifumo miwili, inalipa au ni mzigo? Naomba ushauri wa dhati, natakiwa kumjibu muuzaji kabla ya Ijumaa.

Kijiwe Nongwa
Milioni 3 na laki 2 unapata bodaboda mpya na chenji ya helmeti mbili. Boda haikuulizi lenzi.

Mpiga Twiga
Karibu jukwaani mkuu. Mimi niko Arusha, nina Nikon na nina Olympus, na sababu yangu ni mgongo.

Ndege ndogo za kwenda Serengeti zinakuruhusu kilo 15, begi na nguo zako humo humo. Lenzi ya Nikon ya 600mm f/4 peke yake inakaribia kilo 3.8. Ile ya Olympus ya 300mm f/4 haifiki kilo moja na nusu, na kwa sababu sensa yake (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) ni ndogo, inakuletea mnyama karibu kama 600 inavyomleta kwenye fulu fremu, yaani kamera ya sensa kubwa kama 5D yako. Februari Ndutu, nyumbu wanazaa, vumbi limetanda, hapo hata kufungua lenzi sithubutu. Bodi mbili, yaani kamera zenyewe, kila moja na lenzi yake, asubuhi mpaka jioni.

Ila chui akishuka mtini jua limeshazama, Olympus naiweka chini. Sensa ile eneo lake ni kama robo ya fulu fremu, giza linaionea. Hapo Nikon ndiyo inanilipia ada ya shule. Kwa hiyo mimi zote mbili zinakula jasho lao. Ya kwako itakula wapi?

Mwanga wa Kimara
Asante mkuu. Mimi nafikiria video, wateja siku hizi wanataka picha na video kwa mtu mmoja. Halafu ile Sony inashika jicho la mtu na kulifuata hata akitembea. Na kwenye ukumbi wenye mwanga hafifu ni bora kuliko yangu, yangu ni ya 2012.

Fundi wa Kelvini
Kaka, nimefanya hivyo miaka mitatu, Canon kwa picha, Sony kwa video. Nikuambie yaliyonikuta.

Harusi ya kwanza nilisahau kuoanisha saa za kamera. Moja ilikuwa nyuma kwa saa nzima. Nilipozipanga kwa muda wa kupigwa, keki ikakatwa kabla ya watu kufika kanisani. Nilikaa siku mbili nikizichambua moja moja.

Ya pili ni rangi. Ukumbi umewashwa zile taa za zambarau, kamera mbili za kampuni mbili zimeachwa zijiamulie zenyewe, na kila moja ikaamua lake. Gauni likatoka la maziwa kwenye moja na la samawati kwenye nyingine. Mama wa bibi harusi akanipigia akiuliza kwa nini mwanawe amebadilisha nguo. Tangu hapo naweka kelvini, kile kipimo cha rangi ya mwanga, kwa mkono kwenye bodi zote, napiga RAW (faili ghafi), na kabla ya ratiba kuanza napiga kadi ya kijivu ya kusawazishia rangi kwa kila kamera.

Na lenzi zako usidhani zitahamia Sony bure. Adapta, kile kiungio cha lenzi na kamera, inafanya kazi kwa sababu lenzi ya EF, hizo zako za Canon, hukaa milimita 44 kutoka kwenye sensa na kwenye Sony umbali huo ni milimita 18, zile 26 zinazobaki ndizo adapta inazojaza. Lenzi ya Sony kwenye 5D yako haikai kabisa. Na kwenye video, fokasi ya lenzi ya Canon kupitia adapta ni ya kubahatisha. Itabidi ununue lenzi za Sony, sasa hapo milioni 3 imekuwa 5. Kama unachotaka ni kamera ya kisasa isiyo na kioo cha ndani, kama hiyo Sony, Canon R6 inapokea lenzi zako za EF kwa adapta ya Canon wenyewe kana kwamba ni zake.

Shamsa wa Ng'ambo
Asalaam alaykum. Mimi napiga upande wa wanawake tu, Unguja. Nina Canon na flashi zake kwa picha za bibi harusi akiwa amekaa, na nina Fujifilm X100F. Hiyo ya pili lenzi yake haitoki, milimita 23 f/2 basi. Kuna bibi zetu ukiwaelekezea lile lidude kubwa wanakaza shingo kama wanapigwa picha ya pasi ya kusafiria. Kwa ile ndogo wanaendelea na stori zao. Na kasida ikisomwa haisikiki ikibonyezwa, kwa sababu shata yake, lile pazia la kupitisha mwanga, iko ndani ya lenzi. Shata ya umeme siiamini chini ya taa za LED, inachora mistari usoni.

Lakini kaka Mwanga, nimesoma mara mbili. Kila mtu humu anasema kamera yake ya kwanza ilishindwa wapi. Wewe Canon yako imekukosea nini? Miaka sita umeishi nayo, leo hulali.

Mzee wa Kaya
Vijana mnapenda vitu. Biashara ni akiba kwanza. Mimi nilinunua trekta la pili la kwanza halijarudisha hela, nikauza yote mawili.

Mwanga wa Kimara
Dada Shamsa, sikutaka kuliandika hili.

Wiki tatu zilizopita nilipiga harusi, zaidi ya picha 1,000. Nilipofika nyumbani kompyuta ikakataa kuisoma kadi. Zimepotea. Bwana na bibi harusi wanaulizia albamu, nimewaambia bado naediti. Sijamwambia mtu hata mke wangu. Ndiyo maana nataka mfumo wa pili, moja ikiniangusha nyingine iwepo. Nadhani hiyo ni sababu ya kutosha.

Pwani Kabisa
Pole sana ndugu. Nilikuwa mpiga picha wa habari hapa Mombasa. Kazini hatukuwahi kutoka na bodi moja, ila zilikuwa za mfumo mmoja, betri moja, lenzi zinabadilishana. Vidole havina muda wa kufikiri mabomu ya machozi yakianza. Canon na Nikon hata lenzi zinafungwa kwa kuzungusha pande tofauti. Mfumo wa pili ni wa kazi ya aina nyingine. Mohamed Amin, yule mpiga picha wa Kenya, alipokwenda Ethiopia 1984 dunia iliiona ile njaa kupitia kamera yake ya televisheni, na picha mnato alipiga pia. Zile zilikuwa kazi mbili. Wewe una kazi moja, unahitaji 5D nyingine iliyotumika, tena kwa bei ndogo kuliko hiyo Sony.

Msumari wa Moto
Samahani wakuu, hii ni chai, tena haina sukari.

5D Mark III ina matundu mawili ya kadi, moja la CF na moja la SD. Kila mpiga harusi anayeijua anaiseti iandike kote kote. Mtu mwenye miaka sita kwenye fani, kadi moja ife apoteze harusi nzima? Akaunti ina siku nne. Wiki ijayo mtaona uzi mpya, "A7 III inauzwa, haina mkwaruzo". Huyu ni dalali anapima upepo.

Kijiwe Nongwa
Ohoo. Nimevuta kiti.

Ndizi Mzuzu
Na mimi nilijiuliza. Kwanza hakutaja kadi mpaka alipobanwa. Weka picha ya kamera mkuu, tuone hayo matundu.

Fundi wa Kelvini
Msumari ana hoja. Sipendi kumhukumu mtu, lakini hilo swali lijibiwe.

Mwanga wa Kimara
Mimi si dalali. Picha ya tundu nimeambatanisha, vuteni karibu mtaona.

Tundu la CF ni bovu. Pini mbili zimepinda tangu mwaka jana, niliingiza kadi upande kwa haraka. Fundi Kariakoo aliniambia laki 3 na nusu, nikasema nitatengeneza msimu ukiisha. Msimu ukaisha, nikalipa kodi ya nyumba. Nimepiga harusi za mwaka mzima kwa SD moja nikijua. Hilo ndilo sikutaka mlijue, kwa sababu nilijua mtaniambia kamera haikuniangusha.

Na kingine, nimeshamlipa muuzaji wa Sony laki 8. Ni advansi ya mteja wa mwezi ujao. Lakini jamani hiyo Sony ina matundu mawili ya SD, hakuna pini za kupinda! Sijakurupuka kama mnavyodhani.

Mzee wa Kaya
Laki 8 ya mtu, kijana wangu. Hela ya mteja ni amana.

Babu Studio
Salaam wajukuu. Nilikuwa na studio Tanga enzi za filamu. Mjomba aliyenifundisha alikuwa na Yashica ya lenzi mbili, filamu ya 120, picha 12 unamaliza rola. Hiyo ilikuwa ya picha za kukaa, hasi yake ni pana, unaikuza mpaka inajaa ukuta. Shingoni kulikuwa na Pentax ya 35 kwa ajili ya ngoma na watu wanaotembea.

Lakini viapo na pete alipiga kwa mashine zote mbili. Na zile rola hakuzisafisha zote kwa siku moja. Dawa ikiwa imeharibika, au msaidizi akifungua mlango wa chumba cha giza, inaungua moja tu. Nilimuuliza kwa nini tunachelewesha kazi ya watu, akaniambia bibi harusi hawezi kurudishwa kwao ili tuanze upya.

Mwanangu, ile kadi iko wapi sasa hivi?

Mwanga wa Kimara
Shikamoo babu. Ninayo. Kamera iliniandikia kuna hitilafu, nikabonyeza formati nikidhani itafufuka. Jumapili yake nilikuwa na ubatizo na sikuwa na kadi nyingine, nikaitumia. Picha kama 300 hivi. Nilishaona yamekwisha.

Fundi wa Kelvini
SUBIRI. Kadi ni ya GB ngapi? Ulipoformati uliweka tiki kwenye ile formati ya kina?

Mwanga wa Kimara
GB 64. Sikuweka tiki yoyote.

Fundi wa Kelvini
Basi isikilize hesabu. Formati ya kawaida inafuta orodha tu, picha zenyewe zinabaki mpaka ziandikiwe juu. RAW ya 5D Mark III ni kama MB 27. Picha 300 za ubatizo ni GB 8 hivi. Harusi yako ilikuwa GB 27 au zaidi. Kamera kwa kawaida huanza kuandika mwanzoni mwa kadi, kwa hiyo ubatizo umekalia asubuhi ya harusi. Mchana na jioni kuna uwezekano mkubwa bado vimo.

Kadi isirudi kwenye kamera, sukuma kile kitufe cha pembeni ifungwe. Kama inasomeka, nakili kwanza kadi yote iwe faili moja kwenye diski, maana kadi iliyokwisha kugoma inaweza kufa katikati ya kazi. Halafu pitisha PhotoRec juu ya hiyo nakala. Ni programu ya bure, sura yake haivutii, usiogope. Picha zitatoka bila majina ya faili. Kompyuta ikikataa kuiona kabisa, usilazimishe, mpelekee mtu wa kuokoa data.

Msumari wa Moto
Nimeiona picha ya pini. Nafuta neno chai, na udalali nafuta. Ukikwama kwenye PhotoRec nitafute inboksi, nimeshaitumia.

Shamsa wa Ng'ambo
Na uwaambie hao maharusi leo, kabla hujajua umeokoa ngapi. Wakija kusikia kwa mtu mwingine, hata ukiwapa zote hawatakusamehe.

Mwanga wa Kimara
Wakuu, mrejesho. Ni saa tisa usiku.

Msumari amekaa nami kwenye simu saa nne nzima, Mungu ambariki. Zimetoka 741. Zinaanzia kwenye pete. Mchungaji ameinua mkono, nyuma yake shangazi analia, iko kali kabisa. Kutoka kanisani yote ipo, ukumbini yote ipo.

Asubuhi haipo. Bibi harusi kuvishwa, baba yake kumfunika shela sebuleni, kuingia kanisani, hivyo vimekwenda. Ile ya baba na shela naikumbuka nilivyoipiga, dirishani, kwa 85. Niliibonyeza mara nne kwa sababu mzee mikono ilikuwa inatetemeka.

Bwana harusi nilimpigia jana jioni kama dada Shamsa alivyosema. Alinyamaza sana. Akasema niende Jumamosi nikazungumze na mzee mwenyewe.

Sony nimemwambia muuzaji basi. Amekubali kurudisha laki 6, mbili anasema ni za kumzuia asiuze. Zile mbili nitazijazia mwenyewe, mteja wa mwezi ujao asiguswe. Kamera iko kwa fundi wa pini.

Pwani Kabisa
Waulize ndugu waliokuwa sebuleni asubuhi ile, hasa watoto. Yupo mtu alikuwa ameshika simu.

Mwanga wa Kimara
Mdogo wake bibi harusi alikuwa amekaa ngazini na simu. Nilimwambia asogee, alikuwa ananiharibia fremu. Nitaanza na yeye.