Kisima kirefu Misungwi: kipimo cha aseniki kinasoma kati ya 25 na 50, tuanzie wapi?

Katibu_Maji:
Habari za leo wakuu. Kijiji kiko wilaya ya Misungwi, Mwanza. Kisima ni cha mita 60, pampu ya mkono, kaya 70 hivi. Mita 400 kutoka hapo kuna makarasha, zile mashine za kusaga mawe, na lundo la marudio ya dhahabu, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kutolewa dhahabu. Kipimo cha aseniki, ile sumu ya kwenye mawe, cha karatasi inayobadilika rangi, kimesoma kati ya 25 na 50, mikrogramu kwa lita. Maji yenyewe meupe kabisa, hayana harufu wala ladha. Je, kuchemsha kunatosha? Marudio ndiyo chanzo? Wapo wanaotaka kisima kifungwe watu warudi ziwani, na wapo wanaotaka chujio la misumari.

Chupa_na_Asidi:
Kuchemsha hakuondoi aseniki, kunaikoleza. Lita 5 zenye 40 zikichemka zikabaki lita 4, una maji ya 50. Klorini nayo huua vijidudu tu, aseniki inabaki ndani ya maji.

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita. Cheti cha maabara kikiandika miligramu 0.010 ni hiyo hiyo, usishtuke kwa nukta. Hadi 1993 shirika hilo lilikuwa linaruhusu 50.

Sasa kipimo chako. Unga wa zinki ukikutana na asidi ndani ya chupa, aseniki hupanda kama gesi na kuipaka rangi karatasi yenye chumvi ya zebaki. Gesi hiyo ni sumu, kwa hiyo pimia nje, upepo ukupige mgongoni, na usiinamie chupa kunusa. Zinki iliyoganda kwa unyevu hutoa gesi kidogo na kusoma chini kuliko ukweli. Maji yenye harufu ya yai viza hudanganya upande wa pili, yanatia karatasi rangi bila aseniki, ndiyo maana pakiti huja na dawa ya kuzuia salfaidi. Rangi isomwe kivulini, mara tu muda uliotajwa kwenye maelezo unapoisha. Rudia mara 2. Hata hivyo kati ya 25 na 50 jicho la mtu ni la kukisia tu, nenda maabara ya ubora wa maji pale Mwanza mjini.

Chupa waombe wao, iliyotiwa asidi ya nitriki tayari, na USIISUUZE. Watu wengi huisuuza kwa mazoea ya chupa za vipimo vya vijidudu, asidi yote inamwagika, chuma iliyomo kwenye maji inaganda ukutani mwa chupa na kuondoka na aseniki. Chota saa 4 asubuhi baada ya foleni kupungua, siyo alfajiri: maji yaliyolala ndani ya bomba si maji ya mwamba. Ukiweza chukua chupa 2, moja iliyochujwa na nyingine isiyochujwa, ujue kiasi gani kimeshikana na kutu. Waambie wapime pia floraidi, chuma, fosfeti, salfeti na pH, yaani uchachu wa maji. Ukienda na ombi la aseniki peke yake utarudi tena wiki ijayo.

Mwamba_Kijani:
Msiyahukumu marudio mapema. Miamba yenye dhahabu ya kanda hii, kuanzia Geita kuja huku, ina madini ya chuma, salfa na aseniki yaliyoungana. Yakiwa ardhini bila hewa yametulia. Yakisagwa na makarasha, yakamwagwa juani na kunyeshewa, yanaoza na kuachia asidi pamoja na aseniki. Lakini maji ya chini ya ardhi yanaweza kuibeba kutoka kwenye mwamba bila mchimbaji yeyote kugusa.

Salfeti ikiwa juu na pH imeshuka, shaka yangu inakwenda kwenye marudio. pH ya 8 na salfeti kidogo, naelekea kwenye mwamba. Hiyo ni dalili, si hukumu, maana mwamba wenye chokaa huimeza asidi njiani. Pimeni kisima kingine kilicho upande wa juu wa mteremko, halafu linganisheni. Zebaki ya wachenjuaji, wanaoitumia kunasa dhahabu, iombeeni kipimo chake, kipimo hiki cha karatasi hakiioni.

Kabla ya kuchimba kingine, tafuteni taarifa ya uchimbaji wa hiki: mwamba gani uligongwa mita ya ngapi, na kama juu paliwekwa saruji kuzunguka bomba. Kibali cha kuchimba ni cha Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Na "tuchimbe kirefu zaidi" ni ushauri uliotoka kwenye mchanga wa delta ya Bangladesh, ambako tabaka la chini mara nyingi ni salama. Hapa maji yako kwenye nyufa za mwamba mgumu, ukizidi kwenda chini unaweza kukuta mabaya zaidi.

Fundi_Chujio:
Chujio la misumari lilienezwa Nepal. Ni chujio la mchanga lenye beseni juu yake, humo kilo 5 za misumari midogo ya chuma tupu, na matofali yaliyovunjwa juu ya misumari. Kutu ndiyo inayonasa aseniki, kisha mchanga unanasa kutu. Makosa ninayokutana nayo ni mawili. La kwanza, misumari ya bati iliyopakwa zinki, ambayo haishiki kutu. Ukiona inang'aa baada ya wiki 2, umenunua isiyo yake. La pili, misumari inashikana ikawa bonge, maji yanapita pembeni bila kuigusa, nawe unafurahi kwamba chujio lina kasi. Itikise mara kwa mara.

Tatizo lisiloonekana ni fosfeti, inagombania nafasi ile ile kwenye kutu. Cambodia chujio hili hili lilifanya vibaya kwenye maji yenye fosfeti nyingi na chuma kidogo. Ndiyo maana usinunue hata msumari mmoja kabla ya cheti. Likishajengwa, maji yanayotoka yapimwe kila mwezi.

Tope lenye kutu lisimwagwe bustanini wala karibu na kisima.

Katibu_Maji:
Asanteni. Nyumba nyingi zina bati, mita za mraba 40 hivi. Mvua itatosha? Na kisima tukifunge wakati tunasubiri majibu?

Dada_Zahanati:
Kisifungwe, kaka. Aseniki haipenyi ngozi kwa kiasi cha kutisha, maji hayo yatumike kuogea na kufulia. Pakeni mdomo wa pampu rangi nyekundu na mtangaze kwamba si ya kunywa wala kupikia. Ugali na uji hesabuni ni kunywa, maji yote yanabaki kwenye sufuria. Mkiwarudisha watu ziwani bila kutibu maji mmewapeleka kwenye kuhara leo, kwa hofu ya ugonjwa unaochukua miaka. Maji ya ziwa yakitumika, yachujwe na kuchemshwa.

Kaya ya watu 6, lita 5 kila mmoja kwa kunywa na kupika, ni lita 30 kwa siku. Kiangazi cha siku 100 kinataka tanki la lita 3,000. Bati la mita za mraba 40 kwa mvua ya milimita 20 linakupa kama lita 640, ukishatoa asilimia 20 ya upotevu. Mvua 5 kubwa zinajaza tanki, vuli inatosha mkiwahi mifereji. Maji ya kwanza yamwageni, lita 20 hivi zenye vumbi na kinyesi cha ndege: bomba la inchi 4 lililosimama, lina karibu lita 8 kwa mita, kwa hiyo mita 2.5, na kizibo chini cha kufungua baada ya kila mvua. Bati likiwa jirani na makarasha vumbi lake ni la mawe yale yale, hapo mwageni mara mbili ya hiyo. Maji ya tanki nayo yatiwe klorini.

Tangulizeni wajawazito na watoto wanaokorogewa maziwa ya kopo. Anayenyonya aendelee kunyonya, aseniki inayopita kwenye maziwa ya mama ni kidogo. Wanywaji wa muda mrefu waangalieni viganja na nyayo: ngozi ngumu yenye vinundu kama punje za mahindi, na madoa meusi yaliyochanganyika na meupe kifuani kama matone ya mvua kwenye vumbi. Mara nyingi hupewa dawa ya fangasi isiyosaidia. Mkojo huonyesha aseniki ya siku chache tu zilizopita, mpimeni mtu kabla hajabadilisha maji, siyo baada.