Dada kaambiwa na Mungu tusiuze kiwanja, mimi nimeambiwa tuuze. Nani kasikia vibaya?

Mtoa mada:
Wakuu, naombeni ushauri, na kejeli tuziweke kando kwanza maana suala limeshafika hadi kwa wajomba.

Mzee wetu alifariki mwaka jana akaacha kiwanja kitupu. Tupo wawili tu, mimi na dada yangu mkubwa. Tulikubaliana kila mtu afunge na kuomba siku tatu, kisha tukutane tulinganishe majibu. Siku ya nne dada akasema Mungu amemwambia waziwazi: "Cha baba hakiguswi." Nikabaki mdomo wazi, kwa sababu usiku wa tatu, nikiwa nimejilaza, mimi nilisikia: "Uza, ukaanze upya." Si wazo, wakuu. Ni kama mtu kaongea nyuma ya kisogo changu.

Dada si mwongo, na mimi sijadanganya. Yeye anasema yangu ni sauti ya adui. Kwa hasira nikamjibu kwamba yake ni sauti ya woga. Wiki ya pili hii hatusemeshani. Mungu hawezi kusema mawili. Nifanyeje?

Kiti Moto:
Swali moja tu. Kabla hujafunga, ulikuwa unataka kuuza?

Mtoa mada:
Ndiyo, kuna biashara nataka kuanza. Naona unakonipeleka.

Kiti Moto:
Na dada alikuwa hataki. Kwa hiyo kila mmoja kaenda kuomba akarudi na kilekile alichoondoka nacho.

Mwaka 2009 Nicholas Epley na wenzake, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Waliwauliza watu misimamo yao juu ya mambo yenye ubishi, kisha wakawauliza Mungu ana msimamo gani, na watu wengine je. Msimamo waliompa Mungu ulishabihiana na wao wenyewe kuliko ule waliowapa watu wengine. Kubwa zaidi, walipofanywa wabadili mawazo yao, na "Mungu" akahama pamoja nao. Hiyo haithibitishi kwamba Mungu hasemi. Ila mtu akisema "nimeambiwa" jambo alilokuwa analitaka tangu jana, mimi nauliza mara mbili.

Bibi Harusi Mtarajiwa:
Mimi vijana watatu wa kanisa moja wameonyeshwa kwamba ni mke wao. Niliwaambia wakakae kikao kwanza.

Mzee wa Zamu:
Kijana, acha neno "adui", litawavunja. Soma 2 Samweli 7. Daudi anataka kumjengea Mungu nyumba, Nathani anamwambia fanya yote yaliyo moyoni mwako, Bwana yu pamoja nawe. Usiku uleule anaambiwa tofauti kabisa. Huyo ni nabii wa kweli, na bado wazo lake jema alilitoa kwa jina la Bwana. Kinachonigusa ni kwamba alirudi kwa mfalme akasema jibu limebadilika. Wangapi leo wanarudi? Hata Samweli mtoto alimkimbilia Eli mara tatu akidhani ndiye aliyemwita. Kukosea sauti si dhambi. Kugoma kusahihishwa ndiko kunakoniogopesha.

Abuu wa Pwani ya Pili:
Kwetu Waislamu wahyi, yaani ufunuo wa Mungu kwa manabii, umekoma kwa Mtume (s.a.w.), kwa hiyo hapa hakuna wa kusema "nimeteremshiwa". Tuna istikhara, yaani swala na dua ya kumwomba Mungu uongozi kabla ya kuamua jambo, na wengi huikosea kwa kulala wakisubiri ndoto. Dua yenyewe inaomba kama jambo lina kheri liwe jepesi, kama lina shari liepushwe. Ukishaomba unashauriana na wajuzi, unaliendea jambo. Nyie mmeshamuuliza hata mtu mmoja anayejua bei ya viwanja?

Muuguzi wa Usiku:
Pole na msiba. Umesema ulikuwa umejilaza. Kati ya kulala na kuwa macho ni kawaida ubongo kutoa sauti inayosikika kama ya nje, na wewe ulikuwa na njaa ya siku tatu juu ya huzuni. Mwaka 1971 daktari Dewi Rees wa Wales alichapisha matokeo ya mahojiano yake na wajane na wagane 293. Karibu nusu yao walihisi, walisikia au waliona mwenzi wao aliyefariki, na hawakuwa na wazimu. (Sauti ikianza kukuamuru ujidhuru au umdhuru mtu, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo.)

Kwa hiyo nakuuliza: ilifanana na ya nani?

Mtoa mada:
Nimekaa na swali lako tangu jana. "Ukaanze upya" ni maneno ya mzee. Nilifeli mtihani, akasema hivyo. Nilifukuzwa kazi, akasema hivyo hivyo. Na "cha baba hakiguswi" ndiyo ilikuwa sheria ya kiti chake, kisu chake, hata kikombe. Sijui nilikuwaje sikuona.

Nimempigia dada. Sikumbishia, nimemuuliza tu sauti yake ilikuwaje. Kanyamaza mpaka nikadhani simu imekata. Halafu akasema, "Ilikohoa kwanza."

Mzee alikuwa haanzi kusema bila kukohoa.

Tumelia, tukacheka. Jumamosi tunakutana na mtu wa kupima thamani. Dada bado hataki kuuza, lakini safari hii anasema ni yeye ndiye hataki.