Peugeot 504 Coupé Lubumbashi: ya 1972 iliyolala au V6 inayotembea?

Mwana_Kamalondo

Jambo wakubwa. Natafuta Peugeot 504 Coupé, na hapa Lubumbashi zimejitokeza mbili kwa mpigo. Bei zinakaribiana, kwa hiyo bei haiwezi kunichagulia.

Ya kwanza ni ya 1975, V6 (silinda sita) ya kabureta, gia nne za mkono. Inawaka, inatembea, imepakwa rangi upya. Ila chini ya kioo cha mbele na kwenye matao ya magurudumu ya nyuma rangi imeanza kufura malengelenge. Ya pili ni ya 1972, silinda nne, lita 2.0, injeksheni ya Kugelfischer (pampu ya mitambo inayopiga petroli kwenye injini badala ya kabureta). Imelala mtaa wa Bel-Air chini ya paa miaka kumi hivi bila kuwashwa. Rangi ni ya kiwandani, imechoka, lakini milango inafunga kwa kidole na sakafu chini ya zulia ni kavu. Matairi yamekufa, tanki linanuka petroli iliyooza.

Nichukue ipi? Nikague nini kabla ya kutoa pesa? Na hii iliyolala inaamshwaje bila kuiua? Itatembea mjini Jumapili, na mara mojamoja hadi Likasi.

Fundi_Katuba

Chukua ya 1972, ikipita ukaguzi. Hizi gari unanunua bodi, injini inakuja baadaye.

Bodi ya Coupé ilichorwa na kujengwa na Pininfarina, Italia. Hakuna bati la nje linaloingiliana na 504 ya kawaida: si bawa, si mlango, si boneti, si kioo. Taa za nyuma zikivunjika hupati za taksi za kuweka. Injini ya silinda nne ni kinyume chake. Ukoo wake ni uleule wa 504 zilizojaa Afrika nzima, zilizounganishwa hadi Nigeria na Kenya, na pistoni, laina (kuta za silinda zinazochomoka), vali na gasketi bado zinapatikana. Bati la Pininfarina lililooza utalitengeneza kwa nyundo na pesa nyingi.

Nenda na sumaku ndogo uliyoifunga kwa kitambaa chembamba, isikwaruze rangi. Ipitishe polepole kwenye matao ya nyuma, vizingiti chini ya milango, kona za chini za mabawa ya mbele, na chini ya kioo cha mbele. Inaposhika kidogo au kuteleza, hapo kuna mastiki (dawa ya kuzibia bati lililooza). Hayo malengelenge ya V6 chini ya kioo yananitia shaka kuliko yote. Kutu hapo huanzia ndani, maji hushuka hadi sakafuni kwa dereva, na kulitibu lazima kioo kitoke. Kioo hicho kikipasuka wakati wa kukitoa, cha badala hakipo Lubumbashi.

Fungua boneti, tazama vichwa vya shokapu za mbele zinapofungwa kwenye bodi. Ukiona kiraka cha bati kilichochomelewa juu yake, acha gari. Halafu toa gurudumu la akiba, bonyeza kona za sakafu ya buti kwa bisibisi. Mwisho weka jeki chini ya kizingiti, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele, pandisha polepole na mlango ukiwa wazi, kisha jaribu kuufunga. Ukigoma au ukigusa nguzo, bodi imelegea.

Soma namba iliyogongwa kwenye bati na ile ya kibati kilichopigwa ribiti, zote mbili zilingane na karte roze (kadi ya gari). Muuzaji akikwambia karte roze ilipotea, yeye ndiye ashughulikie kuipata mpya kabla hujatoa hata nusu ya pesa.

PRV_Bukavu

Nakubali kuhusu bodi, lakini V6 isionekane takataka. Ni injini ya PRV (ya pamoja ya Peugeot, Renault na Volvo), sentimita za ujazo 2664, farasi 136, nayo ilitumika pia kwenye Peugeot 604, Renault 30 na Volvo 264. Kwa hiyo vifaa vipo Ulaya. Ukiagiza, angalia kipenyo: hii ni ya laina za milimita 88. PRV ya baadaye ya 2849, kama iliyo kwenye DeLorean, ina 91, na gasketi yake ya silinda hedi haikai hapa.

Vitu vinavyoiua ni viwili. Cha kwanza ni oili chafu. Njia za oili zinazopanda kwenye shafti za roka ni nyembamba, zikiziba kemshafti inalika. Toa kifuniko cha vali upande mmoja, tazama vilele vya kemu kwa tochi. Kilele kikiwa na mfereji au ncha iliyokatika, hesabu kemshafti na roka pamoja. Nafasi za vali injini ikiwa baridi ni milimita 0.10 hadi 0.15 kwa za kuingiza, 0.25 hadi 0.30 kwa za kutoa. Oili ni karibu lita 6. Ibadilishe kila kilomita 5000, usingoje ziada.

Cha pili ni maji ya bomba matupu. Bloku ni ya alumini, laina zimezungukwa na maji. Bila dawa ya kuzuia kutu, alumini inalika chini ya sili za laina na maji yanashuka kwenye oili. Fundi akitoa silinda hedi, lazima abane laina kwa bolti na washa kubwa kabla ya kuzungusha krenki. Laina ikiinuka kidogo tu, sili ya chini imekwisha, na utaijua wiki moja baada ya kulipa.

Kabureta zake pia zina mambo. Ziko mbili zisizofanana, moja ya koo moja na nyingine ya makoo mawili. Wengi wanazifunga vibaya, injini inakohoa ukikanyaga, kisha lawama zinaenda kwa taimingi. Hata hivyo, ukiniambia nichague kati ya hizi mbili, malengelenge yale yanaipa ushindi ya 1972.

Fundi_Katuba

Sasa kuiamsha ya 1972. Usiguse starta. Watu wanaweka betri mpya, wanazungusha, na pete za pistoni zilizoshikwa na kutu zinakwaruza laina papo hapo.

Toa bujii zote nne. Mimina kwenye kila silinda oili nyepesi iliyochanganywa na dizeli nusu kwa nusu, mililita 15 zatosha, uache usiku mzima. Kesho yake weka gia huru, zungusha krenki kwa spana ndefu, taratibu. Ikigoma, ongeza oili na ungoje tena, usiweke bomba refu kwenye spana. Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kugota, mwaga oili ya zamani, badilisha filta, weka oili mpya ya 20W-50. Bujii zikiwa bado nje, sasa starta inaruhusiwa, hadi upate presha ya oili.

Pima komprishoni (mbano wa hewa ndani ya silinda), petroli ikiwa imefungwa na kipepeo cha hewa kikiwa wazi kabisa. Lubumbashi iko juu ya mita 1200, hewa ni nyepesi, kwa hiyo geji itasoma chini kuliko kitabu kinavyosema. Angalia tofauti. Silinda dhaifu isipungue zaidi ya sehemu moja ya kumi chini ya ile yenye nguvu. Nafasi za vali injini baridi ni milimita 0.10 kwa za kuingiza na 0.25 kwa za kutoa.

Upande wa petroli ndiko pesa itakakokwenda. Pampu ya Kugelfischer imejengwa kwa pistoni ndogo kama pampu ya dizeli. Tone la maji au chembe ya kutu kutoka tankini linaikwamisha. Shusha tanki, lioshe, lipige hewa, mulika ndani. Kama kuta ni nyekundu, liende kusafishwa kwa asidi na kupakwa dawa ndani. Mipira yote ya petroli itupwe, weka ile ya presha. Weka filta laini mpya, na nyingine ndogo ya kuona ndani kabla ya pampu ya umeme. Kisha achia petroli safi irudi kwenye dumu lita kadhaa bila kuwasha, uone inavyotoka. Ikitoka na rangi ya chai, bado.

Breki usizijaribu hata uani. Coupé ina diski magurudumu yote manne, na kalipa zilizolala zinashika. Mipira ya breki yote mipya, sili zote, mafuta ya breki ya DOT 4 mapya. Za nyuma usitafute kwenye pikapu, ile ina ngoma, na eksili yake ni ya mhimili mmoja wakati Coupé ina mikono huru kila upande.

Mwana_Kamalondo

Aksanti sana. Kuna fundi ananiambia tutupe Kugelfischer, tuweke kabureta ya 504 ya kawaida, eti inatosha. Mnasemaje?

Fundi_Katuba

Inawezekana, kwa masharti. Unahitaji manifoldi (bomba la kuingizia hewa) ya 504 ya kabureta, matundu ya injekta yazibwe kwa plagi za nyuzi zilizochongwa, si gundi, na upime nafasi chini ya boneti kwanza, maana ya Coupé iko chini kuliko ya gari la kawaida. Farasi zitashuka kutoka karibu 104 hadi karibu 93. Kwa urefu wa hapa kabureta ya Ulaya itakula petroli nyingi mno. Jikleri kuu (tundu la kupitishia petroli kwenye kabureta) ishuke hatua moja, halafu usome rangi ya bujii. Kahawia nyepesi ndiyo nzuri, masizi meusi makavu ina maana petroli bado ni nyingi mno. Pampu na injekta zifunge kwenye mfuko wenye oili, zibaki na gari.

BelAir_Injeksheni

Mimi sikubali, mkubwa, na nasema kwa heshima. Gari la 1972 lenye Kugelfischer yake ni gari lingine kabisa. Ukiitoa umeondoa nusu ya sababu ya kulinunua, na mnunuzi wa kesho atakukata bei palepale.

Mara nyingi pampu inasingiziwa. Angalia kwanza kifaa cha joto kilichoko kwenye pampu, kinachoongeza petroli injini ikiwa baridi. Maji ya injini hupita hapo. Njia yake ikiziba, kinabaki kwenye baridi siku nzima. Injini inatoa moshi mweusi, petroli inaosha laina na kushuka kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili, nusa. Kikinuka petroli, au kiwango kimepanda badala ya kushuka, umeipata. Kabla ya kufungua kitu, shika mipira miwili ya maji ya pampu injini ikiwa moto. Mmoja ukiwa baridi, safisha njia.

Cha pili ni vifundo vya nyenzo kati ya kipepeo cha hewa na pampu. Vikilegea hata milimita moja, hewa na petroli haviendi pamoja, na hakuna skrubu itakayokuokoa. Vibadilishe, halafu ndipo urekebishe. Mpangilio ni vali, kisha pointi na taimingi, kisha nyenzo, na pampu mwisho. Anayeanza na skrubu ya pampu mfukuze kwa upole.

Pampu yenyewe ikishindwa, hapa mjini kuna karakana za pampu za dizeli za malori ya migodi zenye meza ya kupimia. Waombe wapime kila tundu linatoa kiasi gani, na wasibadilishe kitu bila kukuonyesha namba. Tofauti kati ya matundu manne ndiyo inayosema ukweli.

Fundi_Katuba

Hapo kwenye kifaa cha joto umesema kweli. Basi aanze na hilo, kabureta ibaki mpango wa pili.

PRV_Bukavu

Machache yanayosahauliwa. Giaboksi ya mkono ya Peugeot hii inatumia oili ya injini, siyo ile nzito ya giaboksi. Mafundi wengi wanaweka ya 90 kwa mazoea, na gia ya pili inakataa asubuhi za baridi za Juni. Mwaga, weka lita moja na kidogo ya oili ya injini. Difu ya nyuma ndiyo inayotaka ile nzito.

Feni ina klachi ya sumaku, inashika maji yanapofika kama digrii 84 na kuachia yakishuka hadi 75. Nyingi zimefungwa kwa bolti zizunguke daima, kwa sababu brashi ya kaboni ililika. Brashi ni kitu kidogo, irudishe.

Matairi asili ni 175 ya inchi 14. Usikubali ya minibasi yenye herufi C. Ukuta wake ni mgumu, gari litaruka kwenye mashimo na mipira ya bushi za nyuma itapasuka.

Klachi inalia? Ulizia kazi kabla ya bei. Shafti inapita ndani ya bomba lililofungwa kwenye giaboksi, na bomba lazima liachiliwe kwanza. Fundi aliyezoea Toyota atakupa bei ya Toyota, kisha atasimama katikati ya kazi.

Mwana_Kamalondo

Sawa. Jumamosi naenda Bel-Air na sumaku, jeki na spana ya krenki. Nikikuta kiraka kwenye vichwa vya shokapu, kuna namna yoyote ya kukikubali?

Fundi_Katuba

Kimoja tu: bati jipya lenye unene uleule, lililochomelewa mfululizo pande zote, na chini yake, ukiingiza kidole kutoka upande wa gurudumu, ni laini na limepakwa rangi. Vidoto vya kuchomelea hapa na pale, au mastiki chini, ondoka.