Mkate wangu wa ndizi umetitia katikati: nimekosea wapi?

Mwanagenzi wa Mbeya:
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Jumamosi iliyopita nilioka mkate wa ndizi kwa mara ya kwanza maishani, kwa vikombe viwili vya unga wa ngano, ndizi tatu, mayai mawili, nusu kikombe cha sukari, nusu kikombe cha siagi iliyoyeyushwa na vijiko vitatu vya chai vya bekingi pauda. Ndizi nilizinunua Mwanjelwa zikiwa mbichi, nikazikalisha jikoni siku sita, lakini kwa baridi hii ya Julai hazikuwa za njano bali ganda liligeuka kijivu. Nilipozibonyeza zilikuwa zimelainika kidogo, nikazitumia. Kwa kuwa sina oveni, nilitandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa, nikaweka makaa chini na mengine juu ya mfuniko. Mkate uliumuka vizuri sana, kisha ukatitia katikati kama bakuli. Chini umeungua, na ndani una tabaka zito lenye unyevu. Mwisho wa mwezi natamani kumpelekea mama yangu mkate ulioiva vizuri, hivyo naomba mnisaidie.

Mama wa Tukuyu:
Marahaba, mwanangu. Mimi naanza na ndizi, maana ndizo zenye mkate. Ndizi ikikaa muda mrefu kwenye baridi ya chini ya nyuzijoto 13 hivi, ganda huharibika rangi na wanga wa ndani haugeuki sukari inavyopaswa, na usiku wa Julai huko kwenu baridi hushuka chini ya hapo. Ulaini uliousikia kidoleni haukuwa wa kuiva. Huku Rungwe tunazivundika: zifunge kwa majani makavu ya mgomba au gazeti, uziweke kwenye ndoo yenye mfuniko karibu na jiko, na katikati yake utie moja iliyokwisha kuiva, kwa sababu gesi inayotoka kwenye ndizi mbivu ndiyo inayoziivisha nyingine. Usizitumie mpaka ganda liwe na madoa meusi na harufu ijae chumba. Halafu usihesabu ndizi, kwani ndizi kisukari tatu, zile ndogo tamu, hazilingani na ndizi kubwa tatu. Ponda, kisha pima kikombe kimoja kilichojaa.

Mwokaji wa Iringa:
Shikamoo mama. Ninakubaliana nawe juu ya ndizi, ila kutitia kwa mkate kunatokana zaidi na bekingi pauda. Vijiko vitatu kwa vikombe viwili vya unga ni vingi hata pwani, sembuse Mbeya, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, ambako kanieneo ya hewa ni ndogo na gesi ndani ya donge hutanuka zaidi, hata viputo hupasuka kabla unga na mayai havijashikana. Tumia kijiko kimoja na nusu, ndugu yangu. Makaa nayo yapange theluthi moja chini na theluthi mbili juu, mchanga uwe na kina cha vidole viwili, na usifunue kabla ya dakika arobaini. Kisha choma kwa kijiti katikati, kwani pembeni huwahi kuiva na hukudanganya.

Dada wa Njombe:
Niongeze moja tu: ukishatia unga, changanya kwa mwiko mpaka usione tena unga mkavu, uishie hapo. Ukiendelea kupiga, mkate huwa mgumu na wenye kunata.

Mwanagenzi wa Mbeya:
Nawashukuru sana. Ndizi nilizivundika siku nne, nikapunguza bekingi pauda na makaa ya chini, na leo mkate umesimama, chini haukuungua, na kijiti kimetoka kikavu baada ya dakika hamsini na tano. Uso wake tu ndio umepasuka kwa urefu. Je, hilo nalo ni kosa?

Mama wa Tukuyu:
Hapana, mwanangu. Mkate wa ndizi hupasuka hivyo. Uache upoe kabisa ndipo uukate, na huo wa mama yako uuoke siku moja kabla ya safari, kwa maana siku ya pili huwa mtamu zaidi.