Mzee kauliza atalala wapi, akaulizwa kama atakuwa hai

Mjukuu wa Barani:
Ndugu zangu wa Malindi, nimetoka sasa hivi kwenye kikao cha maoni ya wananchi kuhusu nyumba za wazee, na ninaandika mikono ikinitetemeka. Aliyetutukana sina haja ya kumtaja, kwa kuwa kila aliyewahi kufuatilia risiti ya kodi ya nyumba katika ofisi yake anamjua, na anajua kwamba mtu huingia pale na ndevu nyeusi akatoka na mvi.

Mpango wenyewe tulisomewa mbiombio: zile nyumba za chini wanazokaa wapangaji wazee zitabomolewa, na mahali pake patajengwa jengo la ghorofa nne. Akasimama mzee mmoja, mwalimu aliyetusomesha Kurani nusu ya mtaa, akaegemea mkongojo wake, akaomba ruhusa kwa adabu, akauliza jambo moja tu, kwamba wakati wa ujenzi wao watalala wapi. Yule bwana akatazama saa yake, akatabasamu, akasema: "Mzee, kwani una hakika utakuwepo nyumba zikiisha?"

Alisema hayo mbele ya mke wa mzee na mbele ya wajukuu zake! Angeongezewa dakika moja angeanza kutugawia sanda. Na alitabasamu, jamani; ningeweza kuyasamehe maneno, lakini tabasamu lile siliwezi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 57, imewapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Tena hii ni Kilifi, kaunti ambako wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, hata Kaya Godoma kule Ganze ikawa kimbilio la waliowakimbia watoto wao wenyewe. Katika nchi kama hii mtumishi wa umma anawezaje kuufanyia mzaha uhai wa mzee? Tulichotaka ni barua yenye jina la kila mpangaji, inayoeleza atahamishiwa wapi, atarudi lini na kodi yake itakuwa kiasi gani. Tukaulizwa habari za kufa.

Mkazi wa Maweni:
Nami nilikuwepo. Umesahau jibu la mzee: "Mwanangu, nikifa nitazikwa. Nimekuuliza nikiwa hai nitalala wapi." Ukumbi mzima ulinyamaza, naye yule bwana akaita swali jingine.

Muyeye Kwetu:
Ndugu mwandishi, waraka wako ni mrefu kuliko mkataba wa nyumba, ilhali nilikuona safu ya pili umekaa kimya. Hasira za nyumbani zinamsaidia nini mzee?

Mjukuu wa Barani:
Nilinyoosha mkono mpaka ukafa ganzi, na kipaza sauti hakikunifikia. Mzee wa watu kaulizwa kama atakuwa hai, nawe unanihesabia maneno!

Fundi Mstaafu:
Mimi kilichoniudhi zaidi ni ramani. Ghorofa nne za wazee, na nilipouliza habari za lifti nikaambiwa itafikiriwa. Mama yangu anaumwa magoti, na umeme wetu mnaujua. Mtu wa namna hiyo akipewa chumba cha juu, hatashuka tena ila kwa kubebwa.

Mlamu Halisi:
Nyinyi angalau mmeitwa kikaoni. Huku kwetu Lamu mji wa kale uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na tunajivunia hilo, lakini bibi yangu anaishi chini ya dari linalomwaga vumbi kwa sababu boriti na chokaa zimetushinda bei, na kutengeneza kwa saruji hakuruhusiwi ovyo. Wazee wetu nani anawapangia nyumba?

Mkatwaji wa Kila Mwezi:
Bora nyote mnazungumzia kuta. Mimi ninakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa tozo ya serikali ya kujengea nyumba za bei nafuu, na mwajiri wangu anatoa nyingine kama hiyo, ilhali baba yangu ana miaka 68, hajafikia 70 ya Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa kuwapa wazee pesa, na nyumba hizo za malipo ya kila mwezi hawezi hata kuziomba. Mzee asiye na mshahara atalipa kwa kitu gani?

Mkazi wa Maweni:
Hata akifika 70 ni shilingi 2,000 kwa mwezi, nazo huchelewa. Shangazi yangu huenda kwa wakala wa malipo akarudi mikono mitupu.

Mjukuu wa Barani:
Tafadhalini turudi kwa mzee na lile tabasamu.

Fundi Mstaafu:
Huyo shangazi aliandikishwa wapi? Mama yangu ametimiza 70 na jina lake halimo.

Mkazi wa Maweni:
Kwa chifu, na kitambulisho chake. Mwende mapema, foleni huanza alfajiri.