Tupeane uzoefu: Umewahi kwenda onyesho la mwanamuziki mkongwe hapa Kampala? Ilikuwaje?

Mkazi wa Ntinda: Wadau, leo kwenye teksi dereva kaweka Afrigo, saksafoni ya mzee Moses Matovu ikanirudisha mbali sana. Bendi ipo tangu 1975, mzee kavuka sabini na bado anapuliza. Mara ya kwanza kumwona jukwaani nilikuwa karibu kiasi cha kuona mshipa wa shingo ukisimama kabla hajapuliza. Redio haikupi hicho. Leteni na zenu.

Kijana wa Kabalagala: Nakazia.

Wa Malaba: Mimi nawapa ushauri tu. Bango likisema saa kumi na mbili jioni, wewe toka nyumbani saa tatu. Ukiwahi utakula muchomo, nyama choma ya pale, mpaka nauli ya boda iishe, na mwanamuziki bado yuko hotelini anaoga.

Fundi Cherehani: Usimsikilize. Ukichelewa unasimama nyuma ya jamaa mrefu kabeba mtoto mabegani. Nenda mapema, kula nyumbani, vaa viatu vya kufunga kamba.

Mzee wa Old Kampala: Ninyi mnaongelea muchomo. Sisi tunamkumbuka mwimbaji Philly Lutaaya. Mwaka 1989 alisimama mbele ya nchi akasema ana UKIMWI, wakati watu walikuwa wanaogopa hata kulitamka hilo jina. Akaenda mashuleni na makanisani akiwa amekonda, Desemba mwaka huohuo akafariki. Mpaka leo Krismasi ikikaribia, pita Kikuubo, kule kwenye maduka ya jumla, utasikia nyimbo zake duka hadi duka.

Kijana wa Kabalagala: Heshima kwako mzee. Ila na Chameleone ni mkongwe sasa, tumkubali.

Mzee wa Old Kampala: Chameleone kazaliwa 1979! Huyo mjukuu.

Kijana wa Kabalagala: Mjukuu aliyeanza kurekodi Nairobi huko na kutuimbia Kiswahili sisi tusiojua Kiganda. Februari 2023 mvua ilituharibia onyesho lake Lugogo, likasogezwa, na watu wakarudi. Nani anarudi kwa mjukuu?

Fundi Cherehani: Tatizo siyo umri. Wengi siku hizi wanachomeka flashi, wanafungua mdomo tu. Mimi nikiona jukwaa halina ngoma wala gitaa, nadai hela yangu.

Wa Malaba: Ulishawahi kurudishiwa?

Fundi Cherehani: Nadai. Sijasema napewa.

Nalongo wa Bweyogerere: Nilikuwa nasoma kimya, lakini hiyo Lugogo imenigusa. Mume wangu aliniaga anapeleka mzigo Gulu, atalala huko. Dada yangu akaona nisikae peke yangu, akaninunulia tiketi ya kawaida, 50,000. Mwanamuziki simtaji. Tuko nyuma kabisa, tunamwona kwenye skrini tu, mbele kule ni meza za VIP. Akafika kwenye wimbo tuliochezea siku ya kwanjula yetu, nilipomtambulisha kwa wazazi. Kamera ikaanza kuzunguka mezani, wapendanao wanapunga mikono. Ikatua kwa mume wangu. Lile shati nilimpigia pasi mwenyewe asubuhi. Mkono uko begani kwa binti mwenye wigi jekundu. Dada ananiambia, labda wamefanana. Nikatoa simu nikampigia. Kwenye skrini, mbele ya Lugogo nzima, nikamwona anaitoa mfukoni, anaitazama, anaigeuza kifudifudi mezani. Halafu akaendelea kuimba.

Kijana wa Kabalagala: Eh banange!

Wa Malaba: Nalongo, usituache njiani. Ikawaje?

Mama Zai: Ningevuka kamba zote mpaka mezani, hilo wigi lingebaki mkononi mwangu.

Fundi Cherehani: Ili na wewe uoneshwe kwenye skrini? Bora angemtumia ujumbe: "Gulu wanapiga wimbo gani?"

Mzee wa Old Kampala: Binti yangu, pole. Wakalishe wazee wa pande zote mbili. Mambo haya hayasemwi mbele za watu.

Mama Zai: Mzee, kamera imeshayasema.

Mkazi wa Ntinda: Jamani, mada ilikuwa muziki.

Kijana wa Kabalagala: Kaka, mada ilishahama. Nalongo!

Nalongo wa Bweyogerere: Samahani, nilikuwa nalisha watoto. Nilibaki mpaka wimbo wa mwisho, tiketi ilishalipiwa na mzee aliimba vizuri, siwezi kudanganya. Bwana alirudi siku ya pili yake na kopo la odii, ile siagi ya simsim, eti zawadi ya Gulu. Chini ya kopo kuna karatasi ya bei ya duka la Nakawa. Mzigo anapeleka mpaka leo, ila siku hizi anaaga kwa baba yangu, siyo kwangu.

Mzee wa Old Kampala: Si nilisema wazee?

Wa Malaba: Na ile odii?

Nalongo wa Bweyogerere: Tuliila na viazi. Ilikuwa tamu.