Wiki 31 nawinda fimbo moja kwenye gemu, imedondoka, kiongozi wa chama kasepa nayo. Kampuni inasema haiwahusu!

Wakuu, nimejizuia siku mbili nisiandike huu uzi nikiwa na hasira. Hasira hazijapungua hata kidogo, kwa hiyo nitakaowaudhi mnisamehe mapema.

Nacheza gemu la mtandaoni la falme na majoka, yale unayotengeneza mhusika wako na kumkuza levo kwa levo. Jina lake silitaji, sitaki mashabiki wake wajazane hapa kulitetea. Mimi ni mganga. Wenzangu wakiwa mbele wanakata vichwa, mimi niko nyuma nakodolea macho vimstari vya uhai vya watu 20: nani anakufa sasa hivi, nani anaweza kuvumilia sekunde mbili. Tukishindwa utasikia "mganga alikuwa wapi?" Tukishinda hakuna anayekumbuka kama kulikuwa na mganga. Sawa, niliichagua mwenyewe.

Sasa kuna bosi mmoja, yaani adui mkubwa wa kupigwa na kundi zima, yuko chini kabisa ya ngome, anapigwa mara moja tu kwa wiki. Ukimuua leo, umemaliza hadi wiki ijayo. Huyo ndiye anadondosha fimbo ya mganga, kwa uwezekano wa asilimia 2. Mbili! Wengi mnadhani asilimia 2 maana yake ukimuua mara 50 lazima uipate. Thubutu! Kila ukimuua ni bahati nasibu mpya, haina habari kwamba wiki iliyopita ulikosa. Mara 50 zikiisha bado kuna asilimia kama 36 kwamba utakuwa hujapata kitu. Mara 100, yaani karibu miaka miwili ya kuhudhuria bila kukosa, bado asilimia 13. Na muda wote huo ada ya kila mwezi inakatwa. Kuna mtu alikaa kwenye kiti akaichagua hiyo namba 2, na sidhani kama aliichagua akiwa anafikiria furaha yangu.

Chama chetu, yaani kundi la wachezaji tunaopigana pamoja, kilikuwa na utaratibu wa pointi. Ni kitu cha zamani, kilianzia kwa wachezaji wa EverQuest, gemu lililotoka 1999: ukihudhuria vita unapata pointi, kitu kikidondoka mwenye pointi nyingi anachukua. Mimi nilikuwa nazo nyingi kuliko mganga yeyote. Wiki 31 sijakosa. Nimeingia nikiwa na homa. Nimeingia siku ambayo nilitakiwa niwe kwenye sherehe ya mtu wangu wa karibu, na hilo bado linanirudia.

Usiku wa tukio, saa nne na nusu, bosi kabaki na asilimia 3 ya uhai. Huyu bosi ana tabia moja: anakuchorea duara jekundu chini ya miguu, una sekunde moja na nusu kutoka, la sivyo umeungua. Nikaona duara. Nikabonyeza kutoka. Mhusika wangu akatoka, nikamwona kwa macho yangu yupo nje ya duara, amesimama vizuri kabisa. Halafu picha ikaganda. Ilipoachia, nimelala kifudifudi, katikati ya duara nililokwisha kutoka.

Wanaotaka kuniambia ninunue intaneti nzuri, subirini kwanza. Mwanga ndani ya nyaya za kioo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva, yaani kompyuta ya kampuni inayoendesha gemu, ikiwa umbali wa kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni milisekunde 100, hiyo ni kama waya umenyooka kama rula na hakuna foleni njiani. Kwangu ni 280 siku njema. Wameweka seva mahali pamoja wanauza gemu dunia nzima, na ada yangu ni ileile ya jirani wa seva. Hawajawahi kunipunguzia hata senti kwa hizo milisekunde.

Basi, nikafa. Ila wenzangu wakamalizia, bosi akaanguka. Mimi maiti pale chini nasoma orodha ya vilivyodondoka. Glavu. Pete. Glavu nyingine. Fimbo.

Jamani, nilipiga kelele hadi nikaogopa mwenyewe. Wenzangu wakaanza kuandika hongera, mmoja kaandika "mganga leo umeoa". Kiongozi wetu, ambaye ni askari wa ngao, fimbo ya mganga ataishika kwa mkono gani sijui, akanyamaza kama dakika moja. Kisha akaandika: "Uliyekufa hustahili. Kanuni mpya." Kanuni mpya! Imetungwa lini? Na nani? Akajigawia fimbo kwa ajili ya mhusika wake wa pili, mganga ambaye hajawahi kukanyaga ile ngome akiwa mzima. Kabla sijamaliza kuandika sentensi, nikaona maandishi mekundu: umeondolewa kwenye chama.

Asubuhi nikasikia kwa waliobaki kwamba ghala la chama limefagiliwa. Dhahabu, dawa, mawe ya kuongezea nguvu silaha, vyote tulivyochangia mwaka mzima. Watu walikuwa wanaamka alfajiri kuchuma majani ya porini ya kutengenezea dawa, kabla hayajamalizwa na maboti. Maboti, yaani wahusika wanaoendeshwa na programu badala ya mtu, nayo ni uzi wake mwingine: wahusika 10 wenye majina kama mtu kalalia kibodi, wanazunguka msitu mchana na usiku bila kwenda chooni, dhahabu inauzwa kwa pesa halisi nje ya gemu. Ukiwaripoti unajibiwa "asante kwa kutusaidia", mwezi unaofuata wapo, wamebadilisha kofia tu.

Kilichonifanya nifungue uzi ni majibu ya huduma kwa wateja.

Nimeandika malalamiko, nimeweka picha za skrini, saa, dakika, majina. Jibu la kwanza limekuja baada ya sekunde 4, kwa hiyo hakuna binadamu aliyelisoma. Linanieleza jinsi ya kubadili nywila. Nikaandika tena. Jibu la pili: ugawaji wa vitu ndani ya chama ni makubaliano ya wachezaji wenyewe, kampuni haiingilii. La tatu, hili sasa limeandikwa na mtu maana lina makosa ya herufi: vitu vyote ndani ya gemu ni mali ya kampuni, mchezaji amepewa ruhusa tu ya kuvitumia.

Haya. Kama fimbo ni mali yenu, basi mwizi kawaibia nyie, mbona hamshtuki? Na kama ni yangu, nirudishieni. Chagueni moja. Hawachagui, kwa sababu wanavyofaidika ni hivi: yule bwana ametoka kwenye seva yetu. Kuhama seva ni huduma ya kulipia. Kubadili jina ni huduma ya kulipia. Kwa hiyo aliyeiba ameilipa kampuni ili atoroke, na mimi niliyeibiwa nailipa kampuni kila mwezi ili nianze upya kutafuta asilimia 2. Wanakula huku na huku.

Najua wapo wakongwe watakaosema siku hizi tumedekezwa. Ni kweli, kwenye EverQuest ya mwanzo ukifa vitu vyako vinabaki kwenye maiti, unarudi uchi kuvifuata kati ya majini yaleyale yaliyokuua, na ukichelewa mno maiti inaoza na vitu vyake. Kwenye Ultima Online ya 1997 ulikuwa unauawa njiani na mchezaji mwenzio na kuvuliwa hadi viatu. Hata muasisi wa gemu lenyewe, Richard Garriott, mhusika wake mfalme aliuawa hadharani na mchezaji wakati wa majaribio mwaka huohuo. Lakini pale sheria ilikuwa wazi: ukitoka nje ya mji, shauri yako. Mimi nimeibiwa ndani ya nyumba, na mwenye nyumba kampokea mwizi nauli ya kuondokea.

Na msiniambie hawawezi kurudisha vitu. Kila kitu kimeandikwa kwenye kumbukumbu za seva. Kampuni za magemu zikikosea zenyewe, zinajua kurekebisha. Septemba 2005 ndani ya World of Warcraft ugonjwa wa bosi mmoja ulitoka pangoni kupitia wanyama wa kufugwa wa wachezaji, ukaua watu mijini hadi barabara zikajaa mifupa. Ikabidi kampuni iwashe upya seva na kubadili kanuni za ugonjwa wenyewe. Wanasayansi wa magonjwa ya mlipuko wakaja kuuandikia makala. Juni 2006 kwenye RuneScape hitilafu ikawapa wachezaji kadhaa uwezo wa kuua wenzao mahali ambapo mapigano yamezuiwa, wakafyeka watu mjini, na kampuni ikawafungia waliohusika. Uwezo upo. Ila msiba ukiwa wa mtu mmoja tu, unaelekezwa jinsi ya kubadili nywila.

Hata hivyo kuna mahali serikali zimeanza kuwabana. Ubelgiji mwaka 2018 walisema masanduku ya bahati, yale unayolipia kwenye gemu bila kujua ndani kuna nini, ni kamari, na Korea Kusini tangu Machi 2024 kampuni inalazimika kutangaza uwezekano wa vitu vya bahati inavyouza. Fimbo yangu haimo humo, maana mimi sikununua sanduku. Nilinunua mwezi, mwezi mwingine, na mwingine. Asilimia 2 yenyewe tunaijua kwa sababu wachezaji walikaa kuhesabu maelfu ya maiti za yule bosi. Kampuni haijawahi kuitaja.

Naombeni kitu kimoja tu. Kuna aliyewahi kurudishiwa kitu baada ya kiongozi wa chama kukimbia nacho, kwenye gemu lolote lile? Aliandika nini, alipeleka wapi? Wa "ni gemu tu, toka nje ukapate hewa" pitieni mbali. Hewa nimepata. Saa 4 kwa usiku mmoja, wiki 31, ni saa 124 za kazi ya uganga, na hapo sijagusa saa za kuchuma majani.

NIMEHARIRI: Mnaouliza kama nimefunga akaunti, bado. Ada imekatwa juzi, acha mwezi uishe.

NIMEHARIRI TENA: Mdau mmoja kanitumia picha ya skrini kutoka seva nyingine. Ni yeye. Jina jipya, yule mganga wake wa pili kasimama katikati ya soko na fimbo yangu mgongoni, inawaka bluu kama ilivyo. Amefungua chama. Tangazo lake linasema: "Tunatafuta watu waaminifu, pointi zinazingatiwa." Tayari wapo 14.